Steshenari ya Mabibo iliyonichapia vijitabu 60 vya maisha ya Twilight

Wadau habari zenu. Hii ni rivyu ya steshenari moja ipo Mabibo, upande wa hosteli ya chuo, bango lake limepauka na jua mpaka jina halisomeki ila ukishuka kituoni ukaulizia ile ya mlango wa bluu yenye benchi nje kila mwanafunzi anakuonyesha. Mwezi uliopita niliwapa kazi ya kuchapa vijitabu 60 vya maisha ya Alexander Twilight, mwalimu wa zamani wa Marekani, kazi niliyoiandika mwenyewe kwa miezi mitatu usiku nikimaliza kusahihisha madaftari, na naandika kwa urefu sababu kabla ya kwenda nilitafuta maoni ya watu kuhusu steshenari za Dar zinazotengeneza vijitabu nikakuta mtu kaandika "wako poa" na mwingine "wezi hao", basi, sasa mtu una kazi yako nyeti hayo yanakusaidia nini. Kwa ufupi nimeridhika na ntarudi, lkn kuna vitu viwili ukienda usimame navyo mwenyewe, picha na mpangilio wa kurasa. Nitaeleza kwa nini kwangu vilikuwa na uzito kiasi hicho.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari ya kata, hapa hapa Dar, na nasimamia klabu ya mdahalo. Mwaka jana watoto wa kidato cha pili walikuwa na mada inasema kazi kubwa ya mbunge ni kutunga sheria kuliko kuleta maendeleo jimboni, wakabishana kweli kweli, mwishoni binti mmoja akanyoosha mkono akauliza madam, Marekani mtu mweusi wa kwanza kuingia bungeni alikuwa nani? Darasa zima likajibu Obama. Nikawaambia hapana, Obama alikuwa rais, na hata yeye alianzia kwenye bunge la jimbo la Illinois mwaka 1997, lkn wa kwanza kabisa kuchaguliwa bunge la jimbo alikuwa mwalimu kama mimi, mwaka 1836, anaitwa Alexander Twilight. Kimya. Hakuna aliyewahi kumsikia, na vitabu tunavyofundishia havimtaji, kwaio nikaamua niandike mwenyewe kwa Kiswahili kurasa 28 saizi ya A5, mtoto aweze kushika mkononi kitu cha kwake.

(Ile mada ya jimbo ilibidi niiwekee ukurasa mzima, sababu kwetu ukisema mbunge wa jimbo mtoto anaelewa jimbo la uchaguzi, Ubungo, Kigamboni, Temeke. Kwa wenzetu jimbo ni kama kinchi ndani ya nchi, lina katiba yake na bunge lake na linatunga sheria zake, na mbunge wa bunge hilo sio yule wa Washington. Usipoeleza hilo mapema watachanganya mpaka mwisho.)

Sasa tuingie dukani. Nimefika Jumanne asubuhi na fleshi yangu, nikapokelewa na dada wa kompyuta, mdogo tu, heshima zake zote, kaniambia karibu madam nikashangaa kajuaje, kumbe kaona vidole vina chaki. Akafungua faili, akanisikiliza, hakunikatisha. Hili naliweka mbele kabisa maana steshenari nyingi ukifika na kazi ya vitabu wanakuuliza tu "kopi ngapi" hata hawajaangalia. Yeye aliniuliza ni ya watoto wa umri gani, akashauri fonti iongezwe kidogo, akaniambia ukurasa wa 14 una mistari mirefu mno wataruka macho. Ile ya seting, yaani kupanga maandishi kwenye kurasa, alichaji 10,000 na akaifanya mbele yangu.

Shida ilianza kwenye picha. Kuna picha ya Twilight ya zamani, nyeusi na nyeupe, ndo niliyoitaka juu ya jalada. Yule dada alivyoiona imefifia akafanya wanavyofanya kwenye picha za pasipoti na za harusi, akaing'arisha, akalainisha uso, akageuza skrini kwa furaha kabisa, "madam ona alivyotakata." Nikaangalia, nikaona mzungu. Mzungu kabisa, hana tofauti na mchungaji yeyote wa Ulaya wa zama zile. Nikamwambia mdogo wangu hapana, hapo umenifutia kijitabu chote.

Ikabidi nikae nimweleze. Twilight alizaliwa tarehe 23 Septemba 1795, Corinth, kijiji cha Vermont, kaskazini mashariki ya Marekani kule kwenye baridi. Baba yake aliitwa Ichabod, mtu mwenye asili ya Afrika aliyepigana vita ya kudai uhuru wa Marekani, mama yake Mary. Alexander mwenyewe rangi yake ilikuwa ya kunde iliyofifia sana, kiasi kwamba kuna kumbukumbu za serikali za wakati ule zilizomhesabu kuwa mweupe. Na hicho ndo kimefanya jina lake likae chini miaka mingi. Chuo alichomaliza, Middlebury, alipata shahada yake mwaka 1823, lkn kwa muda mrefu sifa ya Mmarekani mweusi wa kwanza kuhitimu chuo alikuwa anapewa Edward Jones aliyemaliza Amherst 1826, miaka mitatu baadae! Mpaka watu walipofukua kumbukumbu za ukoo wa Twilight ndo hesabu ikabadilika. Kwaio ukimng'arisha mzee huyu unarudia kosa lile lile, unamtoa kwenye historia yake kwa kubonyeza kitufe.

Dada kaelewa, akasema sawa, akarudisha nyuma, halafu safari hii akamtia giza mpaka macho hayaonekani, amekuwa kivuli. Nikamwambia na hiyo nayo sio kweli, hakuwa hivyo. Mtu alikuwa na uso wake, tumwache na uso wake. Mara ya tatu hakugusa rangi kabisa, aliondoa tu madoa ya karatasi na akaongeza ukali kidogo kwenye macho, akatoa kopi moja ya majaribio kwenye karatasi ya kawaida, tukatoka nayo nje kwenye jua tukaiangalia wote wawili. Ikakubali. Zile kopi za majaribio hakunichaji hata shilingi, na tona ni ghali najua.

Hapo kwa kweli walinikosha, maana angeweza kuniona msumbufu. Alivyomaliza akaniuliza swali ambalo nimelifikiria mpaka leo, "sasa madam, yeye mwenyewe alikuwa anajiona nani?" Nilimjibu ninachojua, kwamba alikotoka alijua, baba yake alikuwa anajulikana, na maisha yake yalianza kama ya watoto wengi wa maskini wa pale, kafungwa mkataba wa kumtumikia mkulima jirani tangu mdogo, analima, anachunga, anasoma akipata nafasi. Akiwa na miaka 20 akawa amekusanya hela ya kutosha akaununua muda wake uliobaki, mwaka 1815, halafu akaenda kuanza sekondari pale Randolph. Miaka 20! Mimi nina wanafunzi wa miaka 17 wanaona wamechelewa sababu walirudia darasa. Kasoma pale miaka 6, kaingia Middlebury 1821 akiwa tayari kashamaliza mambo ya miaka ya mwanzo ya chuo, miaka miwili katoka na shahada.

Tulikubaliana kazi itakuwa tayari Alhamisi. Bei ilikuwa hivi: karatasi 7 za A4 nyuma na mbele kwa kila kijitabu, shilingi 100 kwa karatasi sababu ni nyingi, jalada la kadi ngumu 300, kukunja na kupiga pini 100, jumla 1,100 kwa kijitabu, mara 60 ni 66,000, ukiweka na seting 76,000. Nilishapita Kariakoo sehemu moja wakaniambia 2,000 kwa kijitabu na sehemu nyingine kule mjini hawapokei chini ya kopi 200, kwaio hii kwangu ilikuwa nafuu na karatasi ni gramu 80, haionyeshi maandishi ya upande wa pili. Nilitanguliza nusu kwa simu, wakaniandikia risiti.

Alhamisi nimefika saa saba mchana, umeme hakuna. Mtaa mzima. Wana jenereta lkn ni kadogo, inabeba taa na kompyuta moja, ile mashine kubwa ya kuchapia haiwezi. Vijitabu vilikuwa vimebaki kama ishirini hivi kuchapwa. Nilikasirika, sio siri, nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni na kipindi changu kashika mwenzangu. Nilichowalaumu sio umeme, ni kwamba hawakunipigia simu, namba yangu wanayo, ningejua ningekuja jioni. Hilo waliangalie. Wateja wanatoka mbali, mtu anapanda daladala mbili kuja pale.

Nikakaa kwenye benchi la nje karibu masaa matatu na mzee anayefanya baindingi. Mzee wa makamo ya baba yangu, ndo fundi wa mashine ya kukatia karatasi na wa kupiga pini, nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, akachukua kimoja kati ya vilivyokwisha akaanza kusoma polepole midomo inacheza. Alipofika kwenye bweni akasimama. Akaniambia mwanangu hapa hebu nisomee vizuri.

Nikamsomea. Kwamba Twilight mwaka 1829 alipelekwa kuwa mkuu wa sekondari ya kaunti ya Orleans, shule iko kijijini Brownington, juu kabisa karibu na mpaka wa Canada, na alikuwa pia mchungaji wa kanisa la pale. Wanafunzi wanakuja kutoka mbali, wengine hata Canada, wanapanga kwenye nyumba za watu, hakuna pa kulala. Akaiomba bodi ya shule ijenge bweni, bodi ikakataa kutoa hela. Akajenga. Kaanza mwaka 1834, kamaliza 1836, jengo la mawe ya itale, ghorofa nne, kijijini kule mahali ambapo nyumba za watu ni za mbao, akaliita Athenian Hall. Hakuna aliyeacha maandishi ya jinsi alivyoweza, yamebaki masimulizi, na yanasema mawe yalipandishwa kwa nguvu za ng'ombe mmoja aliyekuwa anapanda na jengo kadiri linavyopanda, na walipofika juu kabisa ng'ombe hakuwa na pa kushukia, wakamchinja huko huko juu mafundi wakala nyama. Kwenye kijitabu nimeandika wazi kwamba hayo ni masimulizi ya wenyeji, lkn jengo lenyewe halina masimulizi, lipo mpaka leo, ni makumbusho, watu wanaliita Nyumba ya Kale ya Mawe.

Yule mzee ni Mpare wa Same. Akakaa kimya, halafu akaanza kunieleza msaragambo wa kwao utotoni, ile kazi ya pamoja ya kijiji, walivyobeba mawe kichwani kutoka korongoni kila asubuhi kabla ya shamba mpaka shule ya msingi ikasimama, na mama yake alikuwa mjamzito na bado alibeba. Akasema, "Huyu mwalimu wako hakuwa na msaragambo, bodi imemkatalia. Huyo alikuwa na kichwa kigumu." Halafu akanipigisha hesabu za ng'ombe, atapandaje ghorofa ya tatu, lazima kulikuwa na mteremko wa udongo au jukwaa la magogo, akachora chini kwa kidole. Nimefundisha historia miaka 11 na sijawahi kupata msomaji kama yule.

Umeme ukarudi saa kumi. Wakamalizia, kijana mmoja akasaidia kukusanya na kukunja ili niwahi, nikahesabu 60, nikafungua kimoja cha juu kukagua. Na hapa ndo jambo la pili.

Karatasi mbili zilikuwa zimepishana. Kwenye kijitabu cha kupiga pini katikati karatasi moja inabeba kurasa nne, mbili mwanzoni mbili mwishoni, kwaio ukikosea karatasi mbili umeharibu sehemu mbili za hadithi. Unasoma ukurasa wa 8, unakutana na wa 11, bweni linakamilika kabla halijaanza kujengwa. Unaendelea mpaka wa 16, unakutana na wa 19 na wa 20, mzee amekwenda Canada, amerudi, amepooza, amekufa, halafu ndo unafika wa 17 anachaguliwa bungeni. Mtoto wa kidato cha pili hatajua ni kosa la steshenari, ataona madam kaandika hovyo, au mbaya zaidi ataikariri hivyo hivyo.

Na huo ukurasa wa 17 na 18 ndo moyo wa kijitabu! Watoto nilitaka wauone ulivyokaa, kwamba amemaliza bweni 1836 na mwaka huo huo watu wa Brownington wakamchagua awawakilishe. Vermont wakati huo kila mji ulikuwa na mbunge wake mmoja na uchaguzi ulikuwa kila mwaka, na mwaka ule ndo walikuwa wanaanza kuwa na mabaraza mawili, kabla ya hapo walikuwa na moja. Hakwenda Montpelier, makao makuu ya Vermont, kutafuta cheo, alikwenda na jambo moja. Shule yake ilikuwa inaendeshwa kwa kodi ya mashamba yaliyotengwa kwa ajili ya sekondari ya kaunti, sasa watu wa mji mwingine, Craftsbury, nao walitaka shule na walitaka hela hiyo igawanywe. Twilight alisimama kutetea, hoja yake kwamba ukigawa mfuko mdogo mara mbili unapata shule mbili dhaifu. Akashindwa. Bunge likaruhusu ya pili, hela ikagawanywa, yeye akamaliza mwaka wake akarudi darasani.

Nikiwaambia watu naona wanasikitika kwamba kumbe huyo mbunge wa kwanza hakupitisha sheria kubwa. Mimi nasema hicho ndo kizuri kukifundisha, sababu ni cha kweli na watoto wetu wanakijua, wanajua shule ya kata mbili jirani zikigombania hela moja inakuwaje, wanajua mwalimu akienda halmashauri kuombea darasa anarudi na nini. Na watu wa Craftsbury nao walikuwa na watoto. Nimewaachia swali hilo ukurasa wa 24, wewe ungekuwa mbunge ungepigaje kura?

Basi nilipoona zile kurasa nilisimama palepale nikavikagua vyote kimoja kimoja. Vilivyokosewa vilikuwa 22, vyote vya kundi la mwisho alilokusanya yule kijana. Yule mzee hakusema neno la kujitetea. Alichukua kikoleo kidogo akaanza kuchomoa pini, moja moja, akapanga upya, akapiga pini mpya kwenye matundu yale yale ya zamani ili jalada lisionekane limetobolewa mara mbili, akapitisha tena kwenye mashine ya kukatia kusawazisha kingo. Vijitabu 22. Saa moja na nusu, duka lilikuwa limeshafungwa mlango nusu. Dada wa kompyuta alibaki naye anamshikia taa ya simu maana ile balbu ya kwenye meza yake ni hafifu. Kijana aliomba msamaha, mzee akamkalisha pembeni akamwambia huyu mtu usimzike kabla hajaenda bungeni, soma namba za kurasa kila unapokunja.

Niko makini kuandika hili kwa haki. Kosa lilikuwa lao na ni kosa kubwa, na ningeondoka bila kukagua ningelikuta darasani mbele ya watoto. Lkn jinsi walivyolirekebisha, bila kununa, bila kuniambia rudi kesho, bila kunichaji, hilo sijalipata sehemu nyingine hapa mjini na nimechapa vitu vingi miaka hii yote, mitihani, vyeti, vipeperushi vya mahafali. Sehemu moja nyingine, sitaitaja, niliwahi kukuta mtihani wa muhula umechapwa swali la 6 mpaka la 9 hayapo nikaambiwa "mwalimu ungekagua mwenyewe."

Usafirishaji: nilituma boksi kwa bodaboda wa pale pale nje, wao ndo walimwita, 5,000 mpaka shuleni, vimefika vikiwa vimefungwa kwenye nailoni mbili na usiku ule mvua ilinyesha, hakuna kilicholowa. Boksi lenyewe walinipa bure.

Darasani sasa, maana bidhaa inapimwa kwa mtumiaji. Pini zimekaa imara, wiki tano sasa na vinazunguka kwa watoto 140, vimechakaa kona tu. Wino haufutiki kwa jasho la mikono. Kadi ya jalada ni ngumu lkn rangi ya kijani waliyonipa ni nzito kidogo, ningeambiwa kulikuwa na ya maziwa ningechukua hiyo, picha ingetokeza zaidi. Kitu kingine, ukurasa wa mwisho ukingo wa chini wamekata karibu mno na maandishi, kwenye vijitabu kadhaa namba ya ukurasa imekatwa nusu.

Ukurasa uliosomwa zaidi, nauona kwa alama za vidole, ni ule wa 20. Nimeeleza pale kwamba mwaka 1847 aligombana na bodi akaacha shule akaenda kufundisha Quebec kule Canada, sehemu za Shipton na Hatley, shule aliyoiacha ikadorora, wakamrudisha 1852, mwaka 1855 akapata kiharusi akapooza, akafariki tarehe 19 Juni 1857. Mke wake Mercy alikuwa naye tangu walipooana 1826. Na nimeweka pale mstari mmoja ambao watoto wameuzungushia kalamu, kwamba tarehe 6 Machi 1857, miezi mitatu na siku chache kabla hajafa, Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Dred Scott iliamua kwamba mtu mwenye asili ya Afrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Mtu kashakuwa mbunge miaka 21 nyuma, kalala kitandani kapooza, mahakama inasema watu wa asili yake sio raia. Yule binti aliyeuliza lile swali la kwanza alikuja ofisini akaniuliza, madam, aliisikia hiyo habari? Kijana mmoja akadakia kwamba baada ya Twilight ilichukua miaka 30 mpaka 1866 ndo Massachusetts wakachagua weusi wengine wawili kwenye bunge lao, Edward Walker na Charles Mitchell, amesoma mwenyewe ukurasa wa 22 na kafanya hesabu mwenyewe. Mwingine akaleta ya kwetu, kwamba Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza 1926 na Waafrika wa kwanza kuingia, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, ni 1945, akatoa 1836 akapata 109. Na ubishi mkubwa ukawa juu ya walimu wanaoingia siasa, Nyerere aliyeacha kufundisha Pugu 1955, hapo tu njia ya Kisarawe, na Twilight aliyerudi darasani, nani alifanya sahihi. Huo mdahalo umepangwa mwezi ujao na nimewaambia wasome kwanza.

Abraham Lincoln nilimweka kwa mistari minne tu, kwamba mwaka ule ule wa 1836 alikuwa kijana wa miaka 27 kwenye bunge la jimbo la Illinois, wanaomjua waone wakati wenyewe ulikuwaje. Nadhani toleo lijalo ntamwongezea.

Maana lipo toleo lijalo. Shule mbili jirani zimeomba, nahitaji vijitabu 120, na nimeshampigia yule dada, kaniambia ikizidi 100 karatasi itashuka mpaka 80. Faili wamelitunza, picha ni ile ile ya mara ya tatu, namba za kurasa zimesogezwa juu kidogo, jalada la maziwa. Nimemwomba kundi zima akusanye mzee, hata ikichukua siku mbili zaidi nitasubiri, na kaahidi umeme ukikatika atanipigia.

Wanafungua saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumapili wanafungua mchana. Ukienda na picha ya mtu wako wa zamani mwambie dada mapema kabisa asiing'arishe.